Kipimo cha Mwalimu Nkwabi

Wanafunzi wa kidato cha sita pale Nyakato walimpenda Mwalimu Nkwabi kwa somo moja: jinsi chembe ndogo kuliko atomu inavyobadilika kwa kupimwa. "Ukiichungulia kidogo," aliwaambia, "haistuki sana, nawe huambulii mengi. Ukiikazia macho, inalazimika kuchagua upande mmoja. Na ukiikazia mfululizo, inagoma kubadilika."

Kosa lake, maana hata wasomi hukosea, ni kulibeba somo hilo hadi nyumbani. Mwanawe Masele alifariki akiwa na miaka minne, viungo vikimuuma, macho ya njano, bila kupimwa damu. Nkwabi alishikilia kwamba ni homa tu. Tangu hapo, kila akirudi kazini alisikia nyayo ndogo zikimkimbilia barazani, na barazani hapana mtu. Aliiogopa nyumba yake mwenyewe.

Kisha Odeta, binti wa miaka miwili, akavimba vidole. Nkwabi akawa anampima kwa kiganja tu, kwenye paji la uso na shingoni, asubuhi, mchana, jioni, akiamini moyoni kwamba maadamu anamwangalia hivyo, mtoto atabaki alivyo.

"Baba Masele, tumpeleke akapimwe damu," alisema mkewe, Evelina.

"Tukishapima hakuna kurudi nyuma. Sasa hivi bado anaweza kuwa mzima."

Evelina aliuza sato katika soko la samaki la Mwaloni. Fizikia hakusoma, lakini kudanganywa hakukubali.

"Sato akioza ndani ya deli la barafu ameoza, hata usipofunua. Damu ya mtoto haikusubiri wewe uiangalie."

Wakaenda hospitali. Majibu yakatoka: sikoseli.

"Msikate tamaa," alisema daktari, dada mmoja mpole. "Mmemleta mapema. Dawa zipo, na wengi wanakua, wanasoma."

Kipimo hakikumbadilisha Odeta hata kidogo. Alikaa pale pale akitafuna pindo la kitenge cha mama yake. Nkwabi akashusha pumzi kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Na kaka yake?" Evelina aliuliza. "Alikuwa na dalili hizi hizi. Kama naye angeletwa mapema?"

"Mama, huenda mngekuwa naye leo," alisema daktari.

Miaka mitatu Masele alikuwa amekufa kwa mapenzi ya Mungu. Mchana ule, ndani ya chumba kile, alikufa kwa mkono wa baba yake. Evelina alimbeba Odeta mgongoni, akatoka bila kumwambia mumewe twende.