Taa Moja Kwenye Karatasi

Niseme ukweli kabla sijasemewa: kosa la kwanza lilikuwa langu. Watu wa mradi wa umeme wa jua walipokuja kijijini kwetu, huku upande wa Galula, wakiuliza kila nyumba itatumia umeme kwa kazi gani, sisi tuliwaona ni watu wa kodi. Mashine yangu ya kusaga niliifunika turubai, juu yake nikapanga magunia ya karanga. "Mimi ni taa moja tu," nikasema. Jirani yangu anayechomelea mageti naye akasema taa moja. Kijiji kizima tukawa watu wa taa moja moja, na mtambo tukajengewa wa kiasi hicho hicho.

Siku nilipoomba kuunganisha mashine, niachane na madumu ya dizeli ninayoyaleta kwa bodaboda kutoka Mkwajuni, fundi wa mtambo alifungua karatasi zake.

"Mama, hapa una taa moja. Ukiwasha mota hiyo jioni, kijiji kizima kitabaki giza."

Nilikasirika, na nusu ya hasira ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Lakini sikuwa tayari kuzeeka na dizeli kwa uongo wa siku moja. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema nilidanganya, tena sikuwa peke yangu. Watu wakaguna. Nikamgeukia fundi: "Saa sita mchana tuko shambani au machimboni. Nani anawasha taa? Betri zako zimeshajaa, jua linapotea bure. Nipe hilo."

Alikuna kichwa, akanipa wiki moja: saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Taa za watu zikizimika hata jioni moja, mashine inatolewa.

Tatizo ni kwamba kwetu mahindi hupelekwa mashineni jioni, mtu akishatoka shamba. Niliwatangazia saa mpya, wakacheka. Siku ya kwanza, saa kumi kamili, nikazima. Saa kumi na moja ndoo zilikuwa zimejipanga mlangoni, na mbele kabisa amesimama mama mkwe wangu, ninayeishi naye nyumba moja.

"Mkamwana, hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Njoo kesho mchana."

Nikafunga kufuli. Akajitwika ndoo, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata.

Ndoo ile ndiyo ilikuwa ugali wetu. Jioni tukala viazi vya kuchemsha, mama mkwe akimenya bila kunitazama, na taa juu yetu haikupepesa hata mara moja. Kesho yake, saa nne kasoro, ndoo yake ilikuwa ya kwanza mlangoni.

Wiki ilipoisha nilimpelekea fundi kalamu mwenyewe, nikasimama pale pale mpaka alipofuta "taa moja" akaandika "mashine".