Mwiba wa Mama Mwape

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, hapa Lubumbashi, nilipewa ekarteri. Hicho ni chuma kilichopinda, cha kushikilia kingo za jeraha zisijifunge wakati mpasuaji anafanya kazi ndani. Nilikuwa na diploma ya udaktari, koti jeupe jipya, na mama mzazi aliyewatangazia majirani wote kwamba mwanawe sasa anapasua watu. Kumbe nilikuwa nashika chuma tu. Mkono ulipochoka nikavuta kwa nguvu, na Chef de Service, mkuu wetu wa upasuaji, akanitazama juu ya barakoa yake.

"Docta, ile iko tumbo ya muntu," akasema. "Haiko mulango ya taxi."

Wauguzi walicheka, yeye hakucheka. Chef alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Aliamini kwamba upasuaji huanza kitandani kwa mgonjwa, kabla ya kisu kutoka kabatini. Kwanza anamnezi, yaani kumhoji mgonjwa mpaka akueleze alivyokuwa akiishi kabla ya kuugua, kisha kumpapasa tumbo, halafu ndiyo vipimo. Vijana wa leo wanaagiza skana kabla hata ya kusalimia. Huwa nawatania, lakini kusema kweli inaniudhi.

Baada ya mafunzo nilipelekwa Kasenga, kando ya Mto Luapula. Huko nilifundishwa kula samaki, kazi niliyoiweza vibaya, maana wazazi wangu walitoka Kasai na samaki wa nyumbani kwetu alikuwa makayabu, yule wa chumvi. Kasenga mwiba ukikukwama kooni, huendi hospitali. Unameza tonge kubwa la bukari, ule ugali wetu, bila kutafuna, ili liusukume. Mara nyingi unashuka. Kisha unanyamaza, kwa sababu huko kukwamwa na mwiba ni mambo ya wageni. Mtu wa mto akikwamwa mbele ya watu, atachekwa hadi na wajukuu.

Kutoka Kasenga nilihamishiwa Kipushi, kwa wachimbaji wa madini. Siku moja aliletwa kijana anayelia bega la kushoto, na bega lenyewe zima kabisa. Nilipomhoji akasema aligongwa ubavuni na toroli. Bandama lilikuwa limepasuka, na damu iliyokusanyika chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia, ndiyo iliyopeleka maumivu begani. Tulimfungua, akapona. Nilianza kuamini kwamba mwili unaweza kukuelekeza nyumba ya jirani wakati mwizi yumo ndani mwake wenyewe.

Niliporudi Lubumbashi kuwa msaidizi wa Chef, ndipo alipoletwa Mama Mwape. Alikuwa muuza samaki wa Kasenga, wa jumla, anayejulikana soko zima. Kwa miezi alikuwa na maumivu chini ya chembe cha moyo, homa ya kuja na kuondoka, na nguo zilizokuwa zikimpwaya kila wiki zaidi. Dawa za amiba, ambazo huponya majipu mengi ya ini, zilishindwa. Ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ini.

"Iko kansere," Chef akaniambia koridoni. "Bamurudishe kwabo."

Jamaa walikubali. Waliomba apumzike kidogo mpaka gari la samaki la Kasenga litakaporudi huko, limpeleke akafie kwao. Mimi roho haikutulia. Saratani ya ini mara nyingi humea katika ini lililokwisha kuharibika, na la mama huyu, ukiacha uvimbe, lilikuwa zima. Tena uvimbe wenyewe ulikuwa umeegemea tumbo la chakula, kana kwamba kitu chenye ncha kilikuwa kimetokea humo, nikakumbuka miiba ya Kasenga. Nikaenda kumuuliza waziwazi.

"Mama, mbele ya kugonjwa, haukukwamwa na mwiba?"

"Mi?" Akajiinua kwa kiwiko, macho makali. "Mi, mutoto ya Luapula? Docta, uniheshimu."

Nikaomba radhi nikaondoka. Kesho yake nilirudi bila maswali. Nilikaa pembeni mwa kitanda nikamsimulia jinsi mwiba ulivyonikwama Kasenga mbele ya wenyeji wangu, machozi yakinitoka, nami nikala bukari kidogo kidogo, nikitafuna vizuri kama nilivyolelewa. Mama Mwape akaanza kucheka huku ameshika tumbo.

"Weye! Haiko vile! Habatafunake! Unafinya bukari mukubwa, unameza yote mara moja. Ile siku mi nilimeza tatu, ya tatu njo ilishusha..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Tukatazamana.

"Docta," akasema taratibu, "usiambie bantu."

Nilimwahidi kwamba nitamwambia Chef peke yake. Tukarudia ekografi, safari hii tukijua tunatafuta nini, na ndani ya uvimbe tukaona mstari mwembamba unaong'aa. Chef aliutazama kwa muda mrefu.

"Kama iko kansere, mama hatatoka muzima pa meza ya kupasulia," akasema.

"Na kama iko mwiba, Chef?"

Akavua miwani, akaifuta. "Bon. Tutafungua. Kisu utashika weye."

Niliogopa, sifichi. Tulipofungua tulikuta tumbo la chakula limegandamana na ini. Nikalitenganisha kwa vidole, polepole, usaha ukatoka, na katikati ya usaha kulikuwa na mwiba mgumu, mrefu kama njiti ya kiberiti. Bukari ulikuwa umeusukuma vizuri mno. Mwiba ulitoboa ukuta wa tumbo ukazama katika ini. Tukasafisha, tukashona pale palipotobolewa, tukafunika kwa epiploon, lile pazia la mafuta linaloning'inia ndani ya tumbo. Chef aliuosha mwiba mwenyewe, akauinua kwenye taa.

"Weye Mukasai," akasema, "samaki njo imekufanya munganga."

Mama Mwape alipopata nguvu aliniita. "Bakikuuliza, useme ilikuwa kansere." Nikamjibu kwamba sitasema lolote, maana siri ya mgonjwa ni mali yake. Basi akasema mwenyewe. Soko zima likajua kwamba Mama Mwape alikatwa saratani ya ini akapona, na kanisani akatoa ushuhuda. Nilicheka peke yangu, nikaona ni hadithi isiyomdhuru mtu.

Baadaye Chef alistaafu, nami nikakalia kiti chake. Ndipo akaja Chola, mvuvi wa Kasenga, na yake ilikuwa saratani kweli. Ilikuwa imeenea ini zima na tumbo limejaa maji. Hakuna kisu kinachoweza kutibu hali hiyo. Nilimweleza kwa upole kwamba tutampunguzia maumivu, na kwamba wanawe wanamsubiri nyumbani. Akakataa kuondoka.

"Mama Mwape mulimutoa kansere," akasema. "Mi nimekosa nini?"

Kila asubuhi aliniuliza swali hilohilo, na jibu nililolijua lilikuwa siri ya Mama Mwape. Siku zilizombakia zilikuwa zikiishia kwenye kitanda chetu huku watoto wake wako mbali. Iliniuma sana. Nikamwomba ruhusa nimwite Mama Mwape aje kumwona, akafurahi. Nilimpigia simu mama, nikamweleza jinsi Chola anavyokataa kurudi kwa wanawe kwa kuamini ushuhuda wake.

"Mu ile salle ya bagonjwa, bantu ya Kasenga iko?"

"Iko mingi, Mama."

"Batanicheka," akasema, simu ikakatika.

Alikuja na gari la samaki. Akaingia wodini na kitenge chake kizuri, akawasalimia watu wa kwao kitanda kwa kitanda, kisha akasimama mbele ya Chola.

"Chola, ndugu yangu, mi sikukuwa na kansere. Mi nilikwamwa na mwiba."

Watu wakainuka vitandani kumtazama. Kisha mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, wengine wakafuata.

"Mwiba? Weye, Mama?"

"Mi. Tena samaki ya mi mwenyewe."

Chola alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akalia, na Mama Mwape akaketi akamshika mkono. Baada ya muda Chola aliuliza gari la samaki litarudi lini. Waliondoka pamoja. Chola aliwahi kukaa na wanawe majuma machache, akafia nyumbani, karibu na mto. Na sokoni, mpaka leo, yule mama wanamwita Mama Mwiba, naye anaitika.

Mimi sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, na kisu nakigusa wakati wa kukata mboga tu, mke wangu akiwa amesimama karibu kwa tahadhari. Madaktari vijana huja kunisalimia na kuniuliza ni kazi gani ninayojivunia zaidi. Wanategemea niwasimulie ini lile na njiti ile ya mwiba. Nami huwasimulia siku ambayo sikumpasua mtu yeyote, siku mama mmoja alipopanda gari la samaki akaja Lubumbashi kuchekwa, ili mwenzake apate kurudi nyumbani.