Kabati la Fundi wa Boti

Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Mboko, shangazi zetu walinunua vitenge vya sare, maana kwetu upande wa bibi harusi ukija bila sare, watu husema msichana hana ukoo. Mimi nikapewa kazi ya kuvitunza nyumbani kwangu mjini Baraka, mbali na panya. Nilihitaji kabati.

Menizye wa mjini, ndivyo tunavyomwita seremala, alinitajia bei iliyonifanya nimuage kwa adabu. Nikateremka ufukweni kwa fundi wa boti. Yeye alitaka nusu tu.

"Miye nafungaka boti, maji haiingie," akaniambia. "Sasa panya itapita wapi?"

Nikamwachia kazi. Kabati likaletwa, zito kupita kiasi, kila ungio limezibwa kwa pamba na lami. Nikapanga vitenge ndani, nikafunga mlango. Mvua zikaanza.

Jambo lenyewe si gumu, nitalieleza taratibu. Mbao zikipata unyevu huvimba. Kwenye boti hiyo ni heri: zinabanana, maji yanakosa njia. Lakini mlango wa kabati unahitaji nafasi kidogo ya kuvimbia, na wangu haukuachiwa hata nafasi ya ukucha. Ukienda kuagiza kabati, muulize fundi ataacha nafasi kiasi gani. Usione haya, kuuliza ni bure.

Asubuhi ya harusi shangazi mkubwa akavuta mlango. Akavuta tena, mguu mmoja ukutani. Shangazi mdogo akamshika kiuno, wakavuta pamoja, kishikio kikang'oka.

"We mutoto," shangazi mkubwa akaniambia kutoka sakafuni, kishikio mkononi, "uliagiza kabati ao mutumbwi?"

"Alifanya vile anajua, shangazi."

"Basi tuisukume mu ziwa, twende nayo mpaka Mboko."

Tukamwita fundi. Alilizunguka kabati lake akiligonga hapa na pale, ameridhika kabisa.

"Haina tatizo," akasema. "Imekamata muzuri."

"Baba, sisi tunataka iachilie," shangazi mdogo akamwambia.

"Kuachilia, ile bado sijajifunza."

Ikabidi nimwite yule menizye niliyemkimbia. Akaja na msumeno, akalikata kwa juu, na alichonitoza kwa kuvunja kilizidi kile alichotaka mwanzoni kwa kutengeneza. Vitenge vikatoka vizima, havijaguswa na panya hata kidogo, ila vilikuwa vimelala na lami kwa wiki nyingi. Hapakuwa na muda wa kufua. Shangazi wakavivaa hivyo hivyo, tukapanda gari, madirisha yote wazi.

Tulipofika Mboko, mama wa bwana harusi alimkumbatia shangazi mkubwa, akasita, akanusa.

"Karibuni, mama. Mulikuja na boti?"

"Ndiyo," shangazi akajibu bila kupepesa, gari letu likiwa limesimama nyuma yake. "Ziwa ilikuwa na mawimbi kidogo."

Hakuna aliyethubutu kusema mdogo wangu hana ukoo. Ulionekana wote, umevaa sare, na harufu yake ilifika mpaka barabarani.