Bati Lenye Migongo, Mkiani mwa Ndege

Mimi hakuna kitu kilichowahi kunishangaza, hata ile ndege ndogo iliyotua Mpanda miaka ya sabini. Watu wa Shanwe, mtaa wetu, walikimbilia uwanjani kama kuku waliomwagiwa mtama. Mimi nilikwenda taratibu, nikaitazama, nikacheka. Mkia ule ulikuwa wa bati! Bati la migongo, kama paa la choo cha shule.

Nilikuwa fundi wa masanduku ya bati, na mapaa pia niliezeka. Shule niliiacha darasa la tatu, na kwa nyundo yangu nikajenga nyumba wakati wasomi wanapanga chumba. Kwa hiyo ng'ombe wa Wasukuma alipokita pembe kwenye kibawa cha mkia, rubani aliletwa kwangu, si kwa mwingine. Kijana wa mjini, miwani myeusi, soksi nyeupe hadi magotini. Kile kipande alikifungua mwenyewe, akakileta kwapani kama mkeka.

"Fundi, gonga hapa tu palipobonyea. Kesho naondoka."

"Umefika."

"Na ukikiharibu?"

"Nikikiharibu nakununulia kipya!" Nilisema kwa sauti, wote wasikie.

Sasa, nani Mpanda hajui sanduku linavyoanza? Unachukua bati, unalilaza juu ya kipande cha reli, unapiga migongo yote mpaka ilale. Bati lenye migongo ni bati ambalo halijapata fundi. Nikalipiga hadi jioni, likawa laini kama kioo.

Shemeji yangu akaja kuchungulia. "Shemeji, si alisema pale tu?"

"Nyamaza wewe! Mlango wa banda la kuku umekushinda, leo unajua ndege?"

Asubuhi rubani alikishika ncha moja. Ncha ya pili ikalala kama sikio la mbwa. Akakitikisa, kikayumba wee.

"Migongo iko wapi?"

"Nimekuondolea aibu, bwana."

"Aibu gani? Ile migongo ndiyo mifupa yake! Bati jembamba hivi likitiwa migongo linasimama lenyewe, huna haja ya kujaza vyuma ndani. Vyuma ni uzito, na ndege haitaki uzito. Sasa upepo utalipigapiga kama kanga kwenye kamba." Akainua macho kwenye paa langu. "Mbona mabati haya hukuyalaza? Yalaze, halafu upande juu tukuone!"

Watu wakacheka, na wengi wao wanalala chini ya mapaa ya nyasi. Nyie mnamcheka nani? Mimi nimetembea juu ya mapaa miaka mingi, najua mguu unakanyaga wapi bati lisibonyee. Nilijua kabla yake. Ila sikudhani watu wenye injini, wenye vyeti vya Ulaya, hawana akili nyingine zaidi ya ile ya fundi wa paa. Mpaka leo nawadharau.

Lakini neno nimelisema mbele za watu, na mimi si mtu wa kurudi nyuma. Kipande kipya kilikuja kwa treni. Rubani nilimhesabia mkononi, mbele ya umati uleule: shilingi mia saba themanini na nne.