Tovuti Isiyotoa Salamu

Sikusoma mbali. Niliachia kidato cha pili, na kompyuta nilijifunzia katika duka la kuchapa barua karibu na soko la Marikiti, nikiwaandikia watu maombi ya kazi. Kwa hivyo kina mama wa mtaani waliponiomba niwafunze binti zao mambo ya mtandao, katika chumba cha juu cha nyumba moja Kibokoni, nilikubali huku nikijiuliza nani atakuwa wa kwanza kunigundua.

Somo nililolitegemea ni la kupima tovuti: ipi ya kuaminiwa, ipi ya ulaghai. Kitabu sikuwa nacho, nikawafunza kwa mambo ya posa. Posa ikija nyumbani hatuangalii shati la kijana, tunatuma mtu akamuulizie. Ni mtoto wa nani? Anakaa wapi? Majirani wanasemaje? Na tovuti ni vivyo hivyo, nikawaambia. Mmoja akauliza kama tovuti nayo yaweza kuwa na mke mwengine Malindi. Nikamjibu hilo ndilo hasa la kuchunguza.

Kisha nikaongeza kanuni yangu mwenyewe: tazameni adabu. Mtu mwema hutoa salamu kabla ya kusema haja yake. Tovuti inayokurukia na haja tu, itilieni shaka. Niliiandika ubaoni, wakainakili madaftarini, nami nikajiona mwalimu.

Kati yao alikuwamo msichana mkimya ambaye kwa miaka miwili alikuwa akitafuta nafasi ya kusomea uuguzi. Jumatatu moja wenzake waliposhuka, alibaki akanionyesha tovuti mbili. Zote zilisema zinapokea maombi ya uuguzi hapa hapa kisiwani, na mwisho wa kupokea kwa zote ni Ijumaa ile. Kila moja ilitaka barua halisi ya mwalimu mkuu wake yenye muhuri, na barua aliyokuwa nayo ni moja. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa safarini.

Ya kwanza ilifungua kwa bismillahi, ikatoa salamu, ikakuulizia hali yako na ya jamaa zako. Ilikuwa na picha ya mlango wa kuchonga, na chini kabisa sanduku la posta. Ya pili ilianza na LETA FOMU. Maneno yamekosewa, wauguzi pichani wamekatwa vichwa. Chini iliandikwa njia, jengo, na kwamba ofisi iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Nilimwambia barua aitume kwa ile ya kwanza. "Hii nyengine haijui hata kuamkia watu," nikasema.

"Lakini Mwalimu, imesema inakaa wapi."

"Hata mwizi ana kwao."

Jibu lile lilinipendeza. Yeye hakubisha, kalelewa vizuri. Akakunja barua yake, akashuka.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja, na simu hakushika. Nikaanza kumshuku, labda kapata mwalimu aliyesoma. Kisha nikajishuku mimi. Nikaifungua ile tovuti ya salamu na kubonyeza kila mahali pa kubonyezwa, na kila mara ikanirudisha pale pale pa kuniulizia jamaa zangu. Nikaichukua ile salamu neno kwa neno, nikaitafuta mtandaoni. Nikaikuta kwa muuza manukato, na kwa wauza viwanja. Sasa, salamu nzuri si mali ya mtu, na kufanana si wizi. Lakini nikampigia tena simu. Barua ilikuwa moja.

Alhamisi akaja. Sikungoja akae.

"Barua umeipeleka wapi?"

"Nilikwenda kuulizia, Mwalimu."

Alikuwa amekwenda na mamake mdogo hadi kwenye lile jengo. Juu walimkuta karani anayechapa kwa vidole viwili. Walimtolea salamu, naye akasema "fomu" bila kuinua kichwa. Hawakumpa kitu. Walishuka wakamuuliza mwenye duka la vifaa, kisha mama anayeuza achari mlangoni. Mwenye duka akasema wanafunzi wanapanda na kushuka ngazi ile kila mwaka. Mama wa achari akasema mpwawe alisomea humo, na sasa anadunga watu sindano. Hapo ndipo walipopanda tena na kutoa barua.

"Na ile ya salamu?" nikauliza.

"Ile haina majirani, Mwalimu."

Siku ile nilifuta kanuni yangu ubaoni, nikawaambia wote ushauri niliompa mwenzao. Waliuliza kama ya kwanza ni ya wezi. Nikasema sijui. Nimewaandikia na hawajajibu, na kutojibu si ushahidi.

Wiki kadhaa baadaye akaniletea simu yake nione orodha ya waliochukuliwa, katika ile tovuti ya vichwa vilivyokatwa. Jina lake limo. Nililisoma mara tatu. Hata hivyo, kabla sijampa mkono wa heri, macho yangu yalipanda juu ya ukurasa kutafuta salamu.