Macho Kumi na Moja ya Jua

Nilipokuwa mtoto niliruka jua kila siku. Jiko la Dani, bibi yangu aliyenilea kule Nyatike, karibu na Sori, liliezekwa kwa mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba ya zamani, na kila palipotoka msumari palibaki tundu. Jua likiwa juu, vidoa kumi na kimoja vya mwanga vilianguka sakafuni, vikatambaa polepole mchana kutwa. Dani aliviita macho ya jua. Jicho kubwa kuliko yote ndilo lililokuwa saa yake: likifika kwenye jiwe la kusagia, yeye anainjika sufuria.

Sharti lilikuwa moja. Anayekanyaga jicho la jua hufupisha siku za mtu wa nyumba hiyo. Dani alirithi neno hilo kwa mama mkwe wake, pamoja na jiwe lenyewe. Basi mimi na binamu yangu tulikuwa tukiingia jikoni kwa kurukaruka, na wageni walidhani tuna wazimu.

Mwaka niliotimiza miaka minane nikashikwa na surua. Mgonjwa wa surua, alisema Dani, hapigwi na jua, akanifungia jikoni gizani. Binamu yangu alikwenda shule. Dani alikuwa uani akianika omena, dagaa wa ziwani. Mimi nilibaki na mafiga, moshi, na yale macho kumi na moja yakinitazama. Siku ya tano hasira zilinipanda. Nikasimama, nikalikanyaga lile kubwa kwa kisigino, kwa makusudi kabisa, kisha nikarudi kulala.

Nilipogeuka kulitazama tena lilikuwa limemegwa.

Sikosei. Lilikuwa limemegwa upande mmoja, kama chapati iliyoonjwa na mtoto mwizi. Nikangoja lipone. Halikupona, lilizidi kuliwa. Nikachukua ungo nikalifunika, Dani asilione, na jicho bovu likatokea juu ya ungo. Nikauhamisha ungo, likarudi chini. Nje mwanga ulikuwa umefifia kama mvua inakuja, na kuku wakaanza kulia ile sauti yao ya jioni. Ndani ya nyumba ile, zaidi ya sisi watoto wawili, mtu alikuwa mmoja tu. Nilijua siku zilizofupishwa ni za nani. Sijawahi tena kuogopa vile, na nimeshavuka mengi.

Dani aliingia na beseni la omena, akidhani mvua imemkuta. Akanikuta nalia. Nilimwambia yote, kisigino na ungo pia, nikamwomba asife.

Hakunipiga. Aliketi kwenye kigoda chake akatazama sakafu, na midomo yake ilitetemeka. Niliona kwamba naye anaogopa.

"Ulikanyaga mangapi, nyakwara?" Ndivyo alivyoniita, yaani mjukuu wangu.

"Moja, Dani. Hilo kubwa."

Akachukua kijiti mekoni, akainuka, akaanza kupita jicho hadi jicho akihesabu kwa sauti ya chini. Yote kumi na moja yalikuwa yamemegwa, na yote upande uleule. Alirudia kuhesabu tangu mwanzo. Kisha akanigeukia.

"Haya mengine kumi, nani ameyakanyaga?"

Nikaapa kwamba si mimi.

"Basi si mguu wako," akasema. "Mguu wako ni mdogo sana kwa kazi hii."

Nilidhani yameisha. Lakini Dani aliendelea kusimama pale, kijiti mkononi, halafu akaanza kusema bila kunitazama. Miaka ya nyuma, asubuhi babu alipoondoka kwenda Isebania na mzigo wa tumbaku, yeye Dani alikuwa mbiombio kumfungia chakula, akalikanyaga jicho. Babu alirudishwa na lori, amefunikwa shuka. Dani hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Miaka yote ile aliamini ni yeye aliyemuua.

Akavua ndara. Akaushusha mguu taratibu juu ya lile jicho kubwa, nami nikaziba uso kwa mikono. Nilipochungulia, jua lililomegwa lilikuwa limelala juu ya mguu wake, kwenye mishipa, safi kabisa. Akauondoa, likarudi sakafuni. Akaurudisha, likapanda tena.

"Halikanyagiki," Dani alisema. "Linapanda."

Kisha akalia, akanikumbatia na surua yangu, tukakaa hivyo hadi yale macho ya sakafuni yakajaa tena, ya duara.

Jioni binamu yangu alikuja na habari kwamba jua limepatwa na mwezi, na mwalimu amewaonyesha ndani ya beseni la maji. Alijigamba wiki nzima. Siku hizi naishi Homa Bay mjini, nina darubini ya mitumba, na watoto wa majirani huja kwangu kutazama mwezi. Najua sasa kwamba tundu dogo huleta chini picha ya jua lenyewe, ndiyo maana macho yale yalikuwa ya duara hata kama tundu lilipasuka vibaya. Hayo nimeyasoma. Ila kuuliza haya mengine nani ameyakanyaga, huku unatetemeka, nilifundishwa na mwanamke asiyejua kusoma.

Mwaka jana tulimjengea Dani jiko jipya. Fundi alijisifu kwamba hata tone haliingii. Dani alikaa ndani kidogo, akauliza ni saa ngapi. Nikamwelewa. Niliazima nyundo na msumari, nikapanda juu nikatoboa tundu moja, fundi akilalamika kwamba mvua itaingia. Dani akamjibu kwamba mvua ataiwekea sufuria.

Nilipoingia, jicho lilikuwa sakafuni, dogo, la duara. Nililiruka.

"Bado unaruka?" Dani akaniuliza.

Nilimwambia kilichosoma ni kichwa, miguu bado. Akacheka, akavua ndara, akausogeza mguu wake mkavu hadi pale, na jua likapanda.