Kilima cha Kwenda kwa Mama Mdogo

Baiskeli nilijifunzia Nyasho, tena ukubwani, kwenye barabara zilizonyooka. Nilipohamishiwa kufundisha shule moja ya Kiabakari nikajiona mwendeshaji kamili. Nikanunua baiskeli ya gia ya mtumba, nyekundu, na Jumamosi ya kwanza nikaanza safari ya Butiama kumsalimia mama mdogo.

Kilima kimoja kilinishusha. Nilikivamia kwa kasi nikiwa nimesimama juu ya pedeli, na kabla sijafika nusu, pumzi ikakata, mapaja yakawaka moto. Nikasukuma mpaka juu. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine.

Siku moja nikiwa nasukuma, akanipita mama muuza samaki. Baiskeli yake haikuwa na gia hata moja, na nyuma kwenye keria alikuwa amefunga tenga la sato. Alikwenda taratibu mno, lakini alikwenda. Nilimkuta juu akifunga upya kamba ya tenga.

"Dada, nakuonaga kila Jumamosi," alisema. "Unakimbizana na nani?"

"Na kilima."

Akacheka. "Kilima hakiendi popote. Mimi nikianza kupanda, napandaga mwendo wa kuweza kuongea. Nikiona maneno yanakatika, napunguza. Na kaa kwenye kiti, usisimamesimame."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kidogo, ila nilimsikiliza. Kuanzia Jumatatu, kila baada ya vipindi, nilikwenda kwenye mwinuko mfupi nyuma ya shule. Nilishusha gia mapema, kabla miguu haijalalamika, nikapanda huku nikisema kwa sauti jedwali la saba. Saba mara sita ikigoma kutoka, nilipunguza mwendo. Wiki ya kwanza nilipanda mara mbili nikaishia hapo. Baadaye nikafika mara tano, na siku nyingine sita. Wanafunzi wangu waliokuwa wakichota maji bombani walinisikia, wakaanza kuniitikia majibu kwa pamoja. Walipokosea nilisimama kuwasahihisha, na hapo zoezi likaharibika.

Mvua zilipokwisha nilikijaribu tena kile kilima. Nilikaa kwenye kiti. Nilitazama lami mita chache mbele ya tairi, sikutazama juu. Katikati, pale nilipozoea kushuka, moyo ulinipiga kwa hofu kuliko kwa uchovu. Nikasema, "Saba mara nane," na jibu likatoka zima. Nikaendelea. Mwendesha bodaboda alinipita, akapiga honi na kuniuliza kama nina shida. Nikamjibu sentensi nzima kwamba sina.

Ghafla pedeli zikawa nyepesi. Nilikuwa juu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu.

Kwa mama mdogo niliegemeza baiskeli ukutani. "Shikamoo mama! Leo nimepanda kilima chote bila kushuka."

"Marahaba. Kwani siku zote ulikuwa unapitaga wapi?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikanawe mikono. Tulikula ugali wa muhogo na mlenda, nami nikaongeza sahani ya pili. Alipoona naimaliza, alisogeza sufuria karibu yangu bila kuuliza, akaanza kunisimulia habari za majirani.